Fundi, Weka Fagio Chini Kwanza

Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alituasa tangu 1998 tusibadilishe anwani za kurasa hovyo. Tulimsikia, tukaendelea na yetu. Ndiyo maana tovuti ya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa sasa ina anwani za ?lang=sw, za /swahili/ na za /sw/, zote za ukurasa uleule, pamoja na /test2-mpya-kabisa/ ambayo hakuna anayekiri kuizaa. Kabla hujafuta za zamani na kuzielekeza kwenye mpya, tuhesabu mambo saba kurudi nyuma.

7. Usifute kwa kukisia. Soma kumbukumbu za seva uone nani bado anabisha hodi. Ile anwani unayoidharau huenda imechapwa kwenye kitabu cha kiada. Kisha weka nakala rudufu. "Nadhani ilihifadhiwa" si nakala rudufu.

6. Marehemu mwache apumzike. Tangazo la mnada wa 2014 halina pa kuelekezwa. Lipe 410, yaani limeondoka na halirudi. Hata 404, yaani haupatikani, inatosha. Matanga hayahitajiki.

5. Usimfungie roboti nje. Ukizuia anwani za zamani kwenye robots.txt, faili linalowaambia roboti wasiingie wapi, roboti wa Google anayepitia kurasa hataziomba, kwa hiyo hatajua kwamba zimehama. Umebandika tangazo la kuhama sebuleni, kisha ukafunga geti.

4. 302 ni uchumba, 301 ni ndoa: ya kwanza huelekeza kwa muda, ya pili kwa kudumu. Vivinjari huikumbuka 301, na ukikosea, watu wataendelea kupelekwa kusiko hata baada ya wewe kusahihisha. Jaribu kwa 302 kwanza, ukiridhika funga 301. Google inashauri uiache angalau mwaka mmoja. Mimi nasema iache tu. Mstari mmoja kwenye seva hauli ugali.

3. Safari moja, gari moja. Usiache anwani ya kwanza ielekeze kwenye ya pili, ya pili kwenye ya tatu, ya tatu kwenye ya nne. Roboti wa Google huvumilia hadi hatua kumi. Msomaji mwenye bando la kubana hana uvumilivu huo. Kila anwani ya zamani iende moja kwa moja mwisho wa safari.

2. Salamu zijibiwe. Alama za hreflang, zinazoonyesha toleo la ukurasa kwa kila lugha na ambazo Google ilianza kuzitambua 2011, zinataka kurasa zitajane: wa Kifaransa ukiutaja wa Kiswahili, wa Kiswahili nao uutaje wa Kifaransa, la sivyo alama hupuuzwa. Sasa wewe unahamisha za Kiswahili tu, za Kifaransa zinabaki kusalimia nyumba tupu. Na msimbo ni sw, au sw-KE ukiilenga Kenya. Kuandika ke peke yake si uzalendo, ni kosa: hiyo ni nchi, si lugha.

1. Kila ukurasa kwa nduguye wa lugha ileile. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. /swahili/malaria iende /sw/malaria, si ukurasa wa mwanzo wa Kiingereza. Mama wa Tabora ameuliza dalili za homa kwa mtoto, wewe unamkaribisha kwa picha ya bodi ya wakurugenzi! Google yenyewe ikiona kurasa nyingi zimerundikwa kwenye ukurasa wa mwanzo, inaweza kuzihesabu kuwa hazipo, na jasho lako likaenda bure.

Tena usibahatishe lugha ya mtu kwa mahali alipo. Roboti wa Google hutambaa zaidi kutoka Marekani. Ukimsukumia Kiingereza kila akija, kurasa zako za Kiswahili hatazijua. Naye Mswahili wa Muscat utamlazimisha Kiarabu akiwa ametafuta kwa Kiswahili. Weka kitufe cha kuchagua lugha, mtu ajichagulie.

Na kama kweli hakuna ukurasa wa Kiswahili unaokaribia ule wa zamani, toa 404, lakini iandike kwa Kiswahili, yenye kisanduku cha kutafutia na viungo viwili vitatu vya maana. Kama ukurasa huo wa 404 una mchoro wa roboti anayelia, unaweza kuuacha, ikiwa bosi anaupenda.