Utulivu wa Futi Nne kwa Nne

Daktari aliniambia nipunguze presha, nami nikaamua kuchora. Si twiga wala akina mama wenye mitungi, la. Nilitaka picha isiyo na kitu: rangi tu, juu ya uso wenye makunyanzi, mtu akiitazama mabega yanashuka. Kule Houston, Marekani, kuna jumba la ibada lililofunguliwa mwaka 1971, lenye picha 14 za Mark Rothko, nyeusi na zambarau iliyokolea, na watu hukaa kwenye mabenchi wakizitazama kimya. Kama giza linatuliza hivyo, bluu yangu je?

Turubai ni ghali. Lakini Edward Tingatinga alianzia hapahapa Dar es Salaam kwa vipande vya bodi na rangi ya baiskeli, kwa hiyo nikanunua silingibodi ya futi nne kwa nne, na jasi kilo tano.

Jasi haina subira. Fundi yeyote anajua: unakoroga kile tu utakachopaka ndani ya dakika chache. Mimi nilikoroga zote tano, kisha nikapokea simu ya shemeji. Niliporudi, ndoo ilikuwa ya moto kama mtoto mwenye malaria, na mwiko umesimama wima katikati. Mpaka leo umo humo, tunazuilia mlango.

Raundi ya pili nilikoroga bakuli moja moja. Mawimbi nitayachora na nini sasa? Juu ya meza ya vipodozi kulikuwa na chanuo la mbao. Meno mapana, mistari safi, wimbi likalala nyuma ya wimbi. Jasi iliyoganda kwenye chanuo haikutoka, nikalizika kwenye pipa la taka. Wiki mbili mke wangu alilitafuta, nami nilimsaidia kutafuta kwa moyo wote.

Jasi kavu ina kiu. Bluu niliyoizimua kwa maji ilinywewa kabla sijaisambaza, ikaacha mabaka. Na bodi, kwa kulowa upande mmoja, ikajikunja kama ngalawa. Nikaipigilia ukutani kwa misumari 22. Nikarudi nyuma, nikatazama. Mabega yalishuka, wallahi.

Mwisho wa mwezi baba mwenye nyumba akaja. Hata hakukaa.

"Huu unyevu umeanza lini?"

Nilitaka kumwambia ni bahari. Lakini alikuwa ameshaanza kusema kodi isubiri kwanza, ataleta fundi, na mimi ni nani nimkatize mzee akiongea?

Fundi alikuja Jumamosi. Akaipapasa kwa kiganja, taratibu, kutoka juu hadi chini, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatabasamu.

"Bosi, huu si unyevu. Hii kazi ya mtu. Mistari imelala hivi, umetumia mwiko gani?"

Tangu nizaliwe sijasifiwa kwa kazi ya mikono, tena na fundi. Nikasahau kodi, nikasahau kila kitu.

"Mwiko wapi! Chanuo!"

Jikoni, sufuria ikaacha kukwanguliwa.