Mizani ya Gombani

Barazani kwetu Chake Chake tunaye mtaalamu wa vipaji. Hana cheti wala daftari. Ana kikombe cha kahawa na macho. Michezo ya skuli ikichezwa uwanja wa Gombani, hukaa kivulini, akamtazama kijana dakika tano, kisha hutoa hukumu: "Huyu Yanga. Huyu Azam. Yule arudi akachume karafuu."

"Sheikh, mbona hata mpira hajaugusa?"

"Nimemwona anavyofunga kamba za viatu."

Tusimcheke peke yake. Marekani, kwenye ule mpira wao wa kukumbatia, wapo wataalamu wenye saa, kamera na kompyuta. Wachezaji wa vyuo vikuu hupimwa mbio, kuruka, hata ukubwa wa kiganja. Mwaka 2000, baada ya vipimo vyote hivyo, timu za kulipwa zilipochagua wachezaji, Tom Brady alichaguliwa wa 199. Akaja kutwaa mataji 7 ya Super Bowl. Wataalamu waliomruka, nadhani, nao walikuwa na kahawa nzuri.

Ajabu ni kwamba kwa karafuu Wapemba tuna subira: haipandi mizani ya ZSTC, shirika linaloinunua, mpaka ikauke. Kijana wa miaka 16 tunampima mbichi, tena mvua inanyesha.

Januari 2025, Zanzibar Heroes ilipoifunga Burkina Faso 2-1 hapo hapo Gombani na kulibakisha Kombe la Mapinduzi nyumbani, mtaalamu wetu alisema wachezaji wote aliwatabiri tangu wadogo. Tukamwomba atutajie wa msimu ujao. Akaagiza kikombe kingine.