Bosi Kapiga 113

Kabla ruta haijaja, ofisi yetu ilikuwa na mfumo wa simu uliotimia. Simu ya mezani ilikuwa moja tu, mapokezini. Ikilia, dada wa mapokezi anainyanyua, anasalimia, anafunika mkonga kwa kiganja, kisha anapaza sauti inayofika mpaka ngazini: "Mhasibu! Yule wa vigae!" Mhasibu akitikisa kichwa, dada anarudi kwa mteja: "Katoka kidogo, mzee wangu, labda baada ya swala." Kwa pumzi moja simu imeshapokewa, imeshapelekwa kwa mhusika, imekataliwa na kutafutiwa udhuru, wala hakuna aliyeandika chochote popote.

Sisi ni mawakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam. Tunatoa mizigo ya watu bandarini. Nusu ya kazi hii ni makaratasi, nusu ya pili ni kuulizwa kwa simu mzigo umefikia wapi. Siku ambayo Bosi alipigia ofisi ya mshindani wake akajibiwa na sauti ya mashine, karibu, kwa huduma fulani bonyeza moja, hakulala. Punde fundi akaletwa, kijana mpole mwenye begi la mgongoni, akafunga ruta ukutani juu ya kabati la mafaili.

Kifaa chenyewe hakizidi kitabu cha risiti. Nyuma kina matundu mawili ya kuchomeka simu za zamani, na ndani yake, fundi alituambia, mna kituo kizima cha simu: kudaivati, kumsubirisha mteja kwa muziki, kumpokelea mwenzako simu inayolia mezani kwake, simu kadhaa kulia kwa pamoja, hata kitufe cha kukataa kusumbuliwa. Vyote vimo tayari, kazi ni kuviwasha. "Nipeni orodha tu," akasema. "Nani ni nani, na asipopokea iende kwa nani."

Ofisi nzima ikanyamaza.

Swali hilo hakuna aliyewahi kutuuliza, hata siku ya kuajiriwa. Simu ya Mhasibu ikihamia kwa karani, karani amekuwa msaidizi wa Mhasibu, jambo ambalo yeye hajawahi kulikubali na Mhasibu hajawahi kulikana. Meneja wa uendeshaji alipendekeza za kwake ziende kwa Bosi. Bosi alimtazama hadi pendekezo likajifuta lenyewe. Miaka yote tulikuwa tunaishi kwa kuelewana bila kusema. Sasa kikaja kisanduku kinachotaka kila kitu kwa tarakimu, na tarakimu hazijui kuficha nani yuko juu ya nani.

Fundi akaona bora aanze na namba za ndani, akidhani hizo ndizo rahisi. Bosi akapewa 110. Aliyempa 111 meneja wa uendeshaji alikuwa Bosi mwenyewe, kwa hiyo hapo hapakuwa na mjadala. Watu wa masoko walipata 112, Mhasibu 113, na jiko la chai 114, maana Bosi alitaka kuagiza chai bila kuita. Kila mtu akaandika namba yake kwa kalamu ya wino mzito na kuibandika mezani.

Msomaji wa Tanzania ameshacheka. Hapa nchini 112 ni polisi, 113 ni TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, na 114 ni zimamoto. Fundi, kwa uangalifu wake wote, alikuwa amekwishaiagiza ruta kwamba namba fupi za dharura zitoke nje moja kwa moja bila kusubiri mtu abonyeze tisa. Amri hiyo ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, na ndivyo inavyotakiwa. Nyumba ikiungua, mtu hapaswi kukumbuka kubonyeza tisa.

Asubuhi iliyofuata Bosi alitaka kumuuliza Mhasibu jambo dogo kuhusu pesa za mafuta ya gari. Akabonyeza 113. Akasikia sauti asiyoizoea, yenye utulivu wa kiserikali, akarudisha mkonga mahali pake taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Kisha akasimama, akaenda kumuuliza kwa mdomo. Lakini dada wa mapokezi, ambaye simu yake mpya ina kioo kinachoonyesha kila namba inayopigwa ofisini, alikuwa ameona. Habari kwamba Bosi kapiga 113 ilifika jikoni kabla maelezo ya fundi hayajafika mapokezini. Siku hiyo Mhasibu hakula. Ilipofika saa tisa alasiri aliingia kwa Bosi na bahasha ya risiti ambazo hakuna aliyeziomba, nyingine za mwaka juzi, zimepangwa kwa tarehe. Nimekaa ofisi hii muda mrefu. Sikumbuki siku nyingine ambayo hesabu zetu zilinyooka kiasi kile.

Namba zikahamishiwa kwenye mia mbili. Ugomvi wa nani apewe ipi ukaanza upya, lakini huo nauruka.

Ikafuata sauti ya kukaribisha wateja. Ilibidi iwe ya dada wa mapokezi, kwani ndiye mwenye Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni, na alirekodiwa chumba cha stoo ili kukwepa kelele. Stoo ina dirisha, na chini ya dirisha hupita muuza kahawa na vikombe vyake mkononi, akivigonganisha. Hivyo "kwa mizigo ya bandarini bonyeza moja" ilifuatwa na kengele nzuri ya vikombe, na mteja mmoja akauliza kwa dhati kahawa anabonyeza ngapi.

Tatizo kubwa halikuwa kahawa. Lilikuwa salamu. Wateja wetu wengi ni wafanyabiashara watu wazima wa Kariakoo, na mtu wa rika lile haanzi na shida yake kabla hajakujulia hali. Mashine ikisema karibu, naye hujibu ahsante, habari za asubuhi, kisha hungoja. Mashine inangoja kitufe. Mzee mmoja aliisalimia, akangoja, akaisalimia tena kwa sauti ya kuonya, akakata, akapanda gari hadi Kurasini kutuuliza ni mtoto wa nani yule asiyejua kuitika. Dada akainuka kwenye kiti na kumwamkia shikamoo. Mzee akaitambua sauti. Maelezo kuhusu mashine yalichukua soda mbili, na sidhani kama aliyakubali.

Kabla ya mteja kufika kwa mtu kuna muziki wa kumsubirisha. Ruta ilikuja na wake, wa kinanda, ila Bosi alitaka dansi, wimbo wa zamani wenye besi ya kutikisa kiuno. Laini ya simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Besi yote iko chini ya hapo. Mteja alibaki na filimbi na magitaa yanayokimbia bila mtu wa kuyashika. Bosi aliusikiliza mpaka mwisho, akasema hivyo hivyo.

Kisha ikaja wiki ya sauti ya upande mmoja, na hii tuliilipia. Mteja akipiga anatusikia vizuri kabisa, sisi hatumsikii hata pumzi. Dada akaita haloo, haloo, kimya. Akawageukia wenzake bila kukata simu: "Hasemi. Atakuwa yule wa matairi, kazi kudai punguzo, kulipa hajui." Wa matairi alikuwa anasikia neno kwa neno.

Sababu yake inafurahisha ukiwa si wewe uliyetukana. Simu yetu inapoomba kuongea na simu ya nje, hutaja anwani ya kupokelea sauti, na kwa ujinga wake hutaja ile ya ndani, inayoanzia 192.168, ambayo nje ya ukuta wetu haina maana. Ni sawa na kumwagiza mtu wa Mwanza akutumie barua kwenye chumba cha pili mkono wa kushoto. Maneno yetu yalifika kwa sababu anwani ya mteja ilikuwa ya kweli, ya kwake yakatumwa mahali pasipokuwepo. Ndani ya ruta kuna kipengele kilichowekwa makusudi kurekebisha hilo, kinaitwa SIP ALG, na mafundi wengi wa simu za intaneti wakikikuta kimewashwa hukizima kabla ya kufanya jambo jingine, kwa kuwa mara nyingi husahihisha nusu ya ujumbe na kuharibu nusu. Kijana wetu alikizima, akaifundisha simu kutaja anwani ya nje, sauti za wateja zikarudi. Ofisini tunaye mtu wa namna hiyo hiyo, anayesaidia hadi kazi inaharibika, ila yeye hana kitufe.

Hata sauti ziliporudi, kuna saa zilikuja kwa kuchelewa. Simu moja haili intaneti sana: sauti yenyewe ni kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha anwani zinazobandikwa kwenye kila kipande cha sauti haifiki hata mia. Lakini saa nne asubuhi makarani wanapopakia nyaraka walizoskani, zote kwa mpigo, vipande vya sauti vinapanga foleni nyuma ya hati za mizigo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Nadhani waliokaa kupanga hivyo hawakuwa na mtu wa kumwamkia. Ukisema shikamoo na marahaba ikachelewa, unadhani hukusikika, unarudia, marahaba ya kwanza inakutana njiani na shikamoo ya pili, na mzee upande wa pili anaona unamfanyia mzaha. Dawa yake ni kuiambia ruta kwamba sauti ipite mbele ya kila kitu. Fundi aliiambia. Ndipo ilipojulikana ni nani hutazama mabao ya Ligi Kuu kwenye kompyuta saa za kazi, maana alitoka ofisini kwake kulalamika kwamba picha zinakatikakatika, kisha akarudi ndani akiwa amekumbuka yeye ni Bosi.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ya watu wa masoko. Wapo wawili na wanalipwa kamisheni, kwa hiyo simu ya mteja mpya ni chakula. Fundi akawaeleza njia tatu. Simu ianze kulia kwa wa kwanza kila mara, na asipopokea iende kwa wa pili. Au zilie zote mbili, ale mwenye mkono mwepesi. Au apewe aliyekaa muda mrefu zaidi bila simu. Wa kwanza akasema hiyo ya tatu inamtunza mvivu. Wa pili hakusema kitu, maana ndiye aliyekusudiwa. Tukachagua ya tatu, na tangu siku hiyo kila mmoja anaamini ruta inampendelea mwenzake.

Wasiwasi wao una ukoo mkubwa. Mtambo wa kwanza wa kuunganisha simu bila mkono wa mtu ulioingia kazini ulibuniwa na Almon Strowger, mzika wafu wa Kansas City huko Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1891. Inasimuliwa kwamba aliamini waunganishaji wa simu wanawapeleka wafiwa wake kwa mzika wafu mwingine, akaona dawa ni kuwaondoa waunganishaji wote. Nimewasimulia hadithi hii wale wawili. Wote walisema huyo bwana alikuwa sahihi, huku wakitazamana.

Mwisho fundi akatufundisha kudaivati: nyota, saba, mbili, kisha namba ya unayemtupia. Hapo ndipo ofisi ilipompenda. Mhasibu akadaivati kwa karani. Karani akadaivati kwa meneja wa uendeshaji, kwa kulipa kisasi. Meneja kwa dada wa mapokezi. Dada, ambaye alikuwa amechoka na mashine kubeba sauti yake na yeye kubeba lawama, akadaivati zote kwenye kibanda cha getini, kwa mzee mlinzi, ambaye alipewa simu kwa ajili ya kutangaza malori tu.

Na mzee akapokea. Yeye huandika kila lori linaloingia na kutoka, namba ya gari, namba ya kontena, saa na jina la dereva. Mteja akiuliza mzigo umefikia wapi, mzee hana haja ya kumsubirisha kwa magitaa. "Limeingia saa nne kasoro, nimeliandika mimi mwenyewe. Nyumbani hawajambo?" Wateja wakaanza kumwomba yeye kwa cheo chake cha getini. Wa matairi alirudi, akalipa, akasema anataka kuongea na getini tu.

Juzi mzee alimfuata fundi na ombi la haki. Anataka muda wa kula mchana bila simu kulia, na yeye je, haruhusiwi kudaivati? Fundi akamuuliza aelekeze kwa nani. Mzee akafikiri kidogo, akasema kwa Bosi, kwa kuwa ndiye mwenye ofisi. Fundi akaandika. Hakujua, wala hakuna aliyejua, kwamba Bosi tangu jana yake alikuwa amedaivati kwa Mhasibu.

Mchana ule kila aliyepiga alisikia kimya kirefu, kisha mlio wa kukatika. Fundi alipofungua kumbukumbu za ruta alikuta simu zikizunguka ofisi nzima, kutoka kwa Bosi hadi getini na kurudi kwa Bosi. Akatueleza kwamba kanuni za SIP, utaratibu wa kuunganisha simu za intaneti, zile zilizotolewa mwaka 2002, zilishaona mbali ofisi za namna hii: ombi la simu huanza na namba, kwa kawaida 70, inayopungua moja kila linapopokezanwa, na ikifika sifuri ombi hukataliwa ili lisizunguke milele. Bosi alimsikiliza kwa makini sana, akauliza kama hiyo 70 inaweza kuongezwa.