Sarafu Tano za Ujerumani: Furaha, Kero na Uvumi

Zamani, mji wa Kijerumani wenye haki ya kupiga sarafu zake haukukosa pa kusemea. Amani ikija, adui akishindwa, hata mji ukikamuliwa, habari iligongwa kwenye fedha au dhahabu. Haya, tuhesabu kushuka.

5. Portugalöser ya Hamburg
Dhahabu ya dukati 10, takribani gramu 35. Hamburg waliiga sarafu ya Mfalme Manuel wa Ureno, yuleyule aliyemtuma Vasco da Gama akatutokea Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wakaigeuza zawadi ya heshima. Ukitunzwa hii usiende nayo sokoni: muuza samaki hana chenji.

4. Taleri ya Erfurt, 1631
Taleri ni sarafu kubwa ya fedha. Ni wakati wa Vita vya Miaka 30, na Wasweden wamemtandika Tilly, jemadari wa Kaisari wa Dola Takatifu la Roma, kule Breitenfeld. Sarafu haina sura ya mfalme. Ina jina la Mungu kwa Kiebrania, likitoa miali. Shukrani zote juu mbinguni. Wasweden wenyewe walishaingia mjini, wanasubiri chakula.

3. Dukati ya mwanakondoo, Nürnberg, 1700
Mwanakondoo kasimama juu ya dunia, kashika bendera ya amani. Ilipigwa ya duara na ya mraba, ikapunguzwa ukubwa hadi 1/32 ya dukati: gramu 0.11 hivi. Ukipiga chafya, urithi umekwenda. Ilipendwa mno hata miaka ya baadaye wakaendelea kuipiga na tarehe ileile. Nürnberg, 1700 haikuisha.

2. Taleri ya Frankfurt, 1796
Wafaransa wameuteka mji, wanadai mamilioni ya faranga. Watu wakayeyusha vyombo vya fedha, na sarafu ikaandikwa wazi kwamba imetoka kwenye vyombo vya makanisa na raia. Mlipaji analipa huku anasuta.

1. Farasi wa fimbo, Nürnberg, 1650
Vita vya Miaka 30 vimekwisha. Wajumbe wako mkutanoni mjini, wanajadili namna ya kuondoa majeshi. Inasimuliwa kwamba ulizuka uvumi: Piccolomini, mjumbe wa Kaisari, atamtunza kila mvulana atakayemjia na farasi wa fimbo. Wakafurika mlangoni kwake. Hakuwa na habari, lakini akaagiza vipande vya mraba vya fedha: upande mmoja mtoto juu ya fimbo yake na mwaka 1650, upande wa pili tai wa Kaisari. Mkutano huohuo ulikuwa ukihangaika kuwalipa askari wa Sweden ili waende zao. Ningekuwa askari, ningetafuta ufito.