Jogoo wa Mavuno

Tunakaa Kizwite, na mwezi wa saba Kizwite si mahali pa kumwamsha mtu saa tisa usiku. Sumbawanga imekaa juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na upepo wa Ufipa ukishaanza haubishi hodi. Saa hiyo mtu na blanketi lake ni kitu kimoja. Jogoo wetu hakulijua hilo. Aliwika saa tisa, akawika saa tisa na robo, na saa kumi akarudia kwa faida ya waliokuwa hawajasikia.

Wenyeji husema jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mimi nilitaka kutupa jogoo tu.

Basi padre alipotangaza Jumapili ya mavuno, nilifurahi kama sijawahi kufurahi nikisikia habari za sadaka. Mke wangu akasema tupeleke gunia la mahindi, kama mwaka jana.

"Mahindi kila mtu anapeleka, mama watoto. Sisi tupeleke jogoo."

Alinitazama kama anavyonitazama nikijitolea kuosha vyombo. Nikamkumbusha Mtume Paulo, alivyowaandikia Wakorintho alipokuwa akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, akawaambia wasitoe kwa kununa. Je, mimi nilinuna? Nilikuwa mkunjufu hadi nikawa natia shaka.

Mavuno huku si mchezo. Mapadre Weupe walifika Karema, kule ziwani, mwaka 1885, na Ukatoliki ukaota mizizi Ufipa kama ulezi. Siku hiyo kanisa hunukia ghala: mahindi, maharage, alizeti, na migebuka mikavu iliyosafiri kutoka Kasanga na harufu yake yote. Akina mama huenda altareni wakicheza, debe kichwani, hakuna linalodondoka. Kuku na mayai havikai ghalani, kwa hiyo vyenyewe hupigwa mnada uwanjani misa ikiisha.

Mlangoni alisimama mwenyekiti wetu wa jumuiya na daftari lake la matoleo.

"Huyu haumwi?"

"Haumwi, mzee."

"Si mkorofi?"

"Hata kidogo."

"Mbona basi mnamtoa?"

"Mapenzi tu, mzee. Hana tatizo lolote."

Jogoo akawika. Kwaya ikanyamaza. Mwenyekiti akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akaandika bila kusema neno. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

Kwenye foleni ya matoleo upepo ukaingia na vumbi, likaniingia machoni. Nikasogea mbele nikipangusa machozi kwa mkono mmoja, jogoo kwapani, nikamkabidhi. Safari ya kurudi kwenye benchi nilikuwa mwepesi, karibu niruke.

Mnada ukaanza kwa elfu nane. Akajitokeza mfanyabiashara mmoja wa Laela, akasema elfu kumi. Laela! Mbali, tena mbali kabisa! Nikamwombea yule bwana kama ndugu yangu wa tumbo moja. Elfu kumi na mbili, akasema. Mpiga mnada akainua mkono wa kwanza, akainua wa pili.

"Kumi na tano!"

Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa bibi jirani yetu, mjane, mwenye kijishamba cha maharage na magoti yanayomsumbua. Bwana wa Laela akatikisa kichwa, akaenda zake kununua mayai. Bibi akafungua fundo la kanga, akahesabu noti moja moja, akaja moja kwa moja mpaka nilipo.

"Nilikuona unavyolia, mwanangu. Nikajua umetoa cha moyoni. Chukua jogoo wako."

Vigelegele. Watu walinipa mkono. Hata mwenyekiti alinipa, akaushikilia muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Pesa yake hakukubali nimrudishie. Jioni nikampelekea sado ya mahindi. Lakini kwetu chombo hakirudi kitupu: ile sado ilirudi na maharage. Siwezi kula maharage ya mjane bure, nikapeleka nyingine. Ikarudi na mayai. Nikapeleka tena, ikarudi na boga. Mwezi wa nane ulipokuwa unakatika mke wangu aliingia stoo, akatoka na gunia tupu mkononi, akalitandika mbele yangu kama mkeka.

"Ndilo lile la mavuno," akasema.

Jogoo yupo, amenenepa. Juzi nikakutana na bibi bombani, nikaona nitubu mapema kabla hajaanza kulalamika. Nikamwambia, bibi, samahani kwa kelele za usiku.

"Kelele zipi?" akauliza. "Saa yangu iliharibika siku nyingi. Yeye ndiye ananiamsha kusali. Siku ile nilipomwona anataka kwenda Laela, mwanangu, nilishtuka kweli."