Jinsi ya Kukosea Makadirio ya Maji kwa Heshima

Umepewa kazi: andika jiji litahitaji maji kiasi gani mwaka 2050. Karibu, ndugu yangu. La kwanza ujue kwamba utakosea. Waliokutangulia walikosea, na mshauri mwelekezi aliyelipwa kwa dola naye alikosea. Ila kuna kukosea kunakoacha watu na ndoo kavu, na kuna kukosea kunakorekebishika. Sogea karibu nikuoneshe huko kwa pili.

1. Usiiamini rula. Ni rahisi mno kuchukua sensa mbili, kuziunganisha kwa mstari na kuuvuta mstari huo mpaka 2050. Tazama Dar es Salaam. Sensa ya 2002 ilikuta watu karibu milioni 2.5, ya 2012 ikakuta milioni 4.36. Aliyeuvuta mstari huo alipata zaidi ya milioni 6.2 kwa mwaka 2022. Sensa ikaja, ikahesabu milioni 5.38. Subiri kwanza, usimcheke. Katika miaka hiyo hiyo kumi, Mkoa wa Pwani ulitoka watu milioni 1.1 ukafika milioni 2.02. Jiji limefurika likavuka mpaka, na DAWASA, mamlaka ya maji inayohudumia Dar es Salaam, ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kufikisha bomba Kibaha na Bagamoyo. Kwa hiyo funga kompyuta, panda bodaboda kutoka Mbezi kuelekea Kibaha, hesabu misingi ya nyumba na matofali yaliyopangwa viwanjani. Mtu akishamwaga zege, atataka maji.

2. Kilichotoka bombani usikiite mahitaji. Hapa ndipo wengi huanguka, na mimi hapa ndipo roho inaponiuma. Mfikirie mama wa mtaa wenye mgao. Maji yanakuja usiku wa manane. Anaamka, anajaza tanki, ndoo, madumu, mpaka beseni la kufulia. Yakikatika, ananunua kwa mkokoteni au kwa jirani mwenye kisima, kwa bei inayozidi ya bombani. Nguo anafua mara moja kwa wiki, tena maji ya mwisho anayatunza ya chooni. Kwenye daftari la mamlaka huyu ni mteja wa matumizi madogo! Ukikadiria kwa dira yake ya maji, umeipitisha shida yake iwe mpango wa miaka 30. Njia ya mkato ipo: kaa na muuza maji, muulize anauza madumu mangapi siku ya mgao na mangapi siku bomba likitoa. Tofauti ya hizo namba mbili huipati kwenye ankara yoyote.

3. Kabla hujaomba bwawa, tafuta maji uliyokwisha kuyasafisha. Ripoti za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, zimekuwa zikionesha kwamba katika kila lita 100 zinazozalishwa na mamlaka za maji Tanzania, zaidi ya 30 hazilipiwi. Nyingine zinavuja chini ya barabara, nyingine zimeunganishwa kwa wizi, nyingine zinapita kwenye dira iliyokufa siku nyingi. Ukiuchukulia upotevu huo kuwa mahitaji, utajenga bwawa la kulisha mivujo.

4. Hesabu vyoo. Mwaka 1980 New York ilikuwa na watu milioni 7.1, ikitumia galoni zipatazo bilioni 1.5 kwa siku. Mwaka 2020 watu walikuwa milioni 8.8, matumizi yakawa yameshuka mpaka karibu bilioni 1. Walifunga dira, wakasaka mivujo, na katikati ya miaka ya 1990 jiji likawalipa wenye nyumba wabadilishe vyoo: vyoo milioni 1.3 viliwekwa vipya, vya kuvuta maji kidogo. Kwetu mambo yanaweza kwenda kinyume, maana anayetoka choo cha shimo akaingia cha kuvuta anaongeza matumizi. Basi jua mapema ni vyoo vya aina gani vinauzwa madukani.

5. Toa namba tatu. Mkurugenzi atataka moja, kubwa, ya kusoma mbele ya waziri. Mpe ya chini, ya kati na ya juu, na chini ya kila moja andika nini kitokee ili iwe kweli. Weka na mwaka wa ukame: Oktoba 2022 Mto Ruvu, unaoilisha Dar es Salaam maji, ulishuka, jiji likaingia kwenye mgao, na namba ya wastani haikumjazia mtu ndoo. Kisha ukate mradi vipande, kipande cha pili kijengwe pale matumizi yatakapofika kiwango mlichokubaliana. Wakubwa wakinuna, wakumbushe kwamba bwawa moja lina utepe mmoja wa kukata, na mradi wa awamu tatu una tepe tatu. Watakubali, na jiji litaepuka mkopo wa mtambo usio na kazi.

6. Panga tarehe ya kusahihishwa. Kila miaka mitano, dhana zote zifunguliwe upya mbele ya bodi: watu, bei, upotevu, vyoo, mvua. Ziandike kwenye ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, uweke na jina lako. Aliyeajiriwa juzi aweze kuona mahali ulipokosea bila kukupigia simu kijijini ulikostaafu.