Namna ya Kupokea Injini Mpya za Treni Bila Kuharibu Sherehe

Anza na hema. Wasiojua mambo ya reli hudhani kuingiza injini mpya za dizeli kazini huanza na injini. La hasha. Huanza na hema, viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, bendi, utepe na mtu wa kushika mkasi. Ukiwa divisheni ya Makindye, hapa Kampala, umebarikiwa, maana kila kitu kiko jirani: reli inakatiza Kibuli na Namuwongo, nyumba za wafanyakazi wa reli zilijengwa Nsambya, na kumbi za mikutano zimejaa Munyonyo, kwenye upepo wa ziwa. Unaweza kuendesha shirika zima la reli bila kutoka katika divisheni hii, na bila kupanda treni hata siku moja.

Ukishapata hema, nunua injini. Hapa usijisumbue na vipimo. Reli yetu iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kampala mwaka 1931 ina upana wa mita moja. Wenzetu Wakenya mwaka 2017 walizindua reli ya milimita 1,435 na kuiletea injini 56 za dizeli kutoka China. Kuna siku mheshimiwa atasimama kikaoni na kuuliza kwa nini tusiazime mbili tatu. Usimcheke. Mwambie tu kwamba magurudumu yake yameachana mno, naye ataandika hilo kwenye daftari lake kama hoja ya kuulizia serikali.

Kimo nacho ukiache. Afrika Kusini walijaribu njia hii kwa moyo wote. Shirika lao la treni za abiria, PRASA, liliagiza injini 70 kutoka Hispania, na 13 za kwanza zilipofika, mwaka 2015 magazeti yakatoboa kwamba zilikuwa ndefu mno kwa nyaya za umeme zilizo juu ya njia zao. Mhandisi aliyesifiwa kwa kazi hiyo alikuwa akiitwa daktari, na baadaye ikabainika udaktari wenyewe hakuwa nao. Mahakama ikaufuta mkataba mwaka 2017. Lakini picha za kuzipokea bandarini zilitoka vizuri sana, na hapo ndipo mnunuzi mzoefu hutazama.

Kama hata kuagiza kunakuchosha, iga mtindo wa Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 2017, Rais Magufuli aliwaambia wananchi kwamba bandarini kuna vichwa vya treni zaidi ya kumi ambavyo havijulikani ni vya nani. Vimeshushwa, vimepangwa, mwenyewe hayupo. Nimesoma vitabu vingi vya usimamizi na sijaona mbinu inayoushinda utaratibu huu kwa kuokoa muda wa kamati ya zabuni. Mwaka uliofuata serikali ikavinunua, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba mzigo usio na mwenyewe hauna soko.

Kuhusu neno "mpya", litumie kwa ukarimu. Rift Valley Railways, kampuni iliyokabidhiwa reli za Kenya na Uganda mwaka 2006 kwa mkataba wa miaka 25, ilileta mwaka 2014 injini 20 za General Electric zilizokwisha kula chumvi Marekani na kukarabatiwa. Si vibaya: injini ya treni ikitunzwa hufanya kazi miaka arobaini bila kunung'unika. Mkataba ndio uliokosa umri huo, ukavunjika mwaka 2017. Mpya maana yake ni kwamba wewe hujaiona. Piga rangi.

Sasa tunafika mahali pa hatari, nami nakuomba msomaji uwe makini, kwa sababu hapa ndipo sherehe nyingi zimeharibikia. Kuna mtu anaitwa fundi. Usimwalike. Fundi atasimama karibu na hema, mikono ina grisi, na kuuliza maswali yasiyo na adabu: spea ziko wapi? Atakueleza, hata kama hukumuuliza, kwamba mle ndani injini ya dizeli haizungushi magurudumu yenyewe; inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota zilizofungwa kwenye ekseli, na kila kimoja kati ya hivyo kina namna yake ya kufa. Mota ikiingiwa maji ya mvua, kwisha. Chujio la hewa likijaa vumbi, injini inakunywa dizeli kama mlevi na kuvuta mabehewa nusu. Betri zikilala, hata kuiwasha huwezi.

Kisha atakupa historia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi iliondoka na vipande vyake vya reli, lakini karakana kubwa ilikuwa Nairobi na haikuwa na mpango wa kuhama. Uganda ikabaki na treni bila hospitali, mpaka ilipojenga karakana yake Nalukolongo. Ilipata injini za Henschel kutoka Ujerumani, zile za daraja la 73, ambazo mafundi wa Nalukolongo wamezihangaikia miongo kadhaa. Halafu zikaja za Marekani. Halafu nyingine kutoka Afrika Kusini. Kila aina na spea zake, vitabu vyake, kozi zake za mafunzo, na boliti zinazokataa spana ya jana. Ukichanganya hivyo, stoo ya spea huwa kubwa na bado kila unachotafuta hakimo. Ndipo huanza ule utamaduni mkongwe wa kuchinja injini moja ili mbili zitembee, na mwaka ujao kuichinja ya pili. Baada ya hapo unatangaza kwamba injini zimekwisha, zinahitajika mpya, na unapiga simu kwa mwenye hema.

Ndiyo maana nasema usimwalike.

Njia yenyewe usiiguse kabla ya injini kufika. Injini nzito kwenye reli iliyochoka, kokoto zimepungua na mataruma yamelegea, hulazimika kutembea polepole, na mwendo wa polepole unawapa wapiga picha nafasi. Namuwongo wanaelewa hili kuliko wahandisi: nguo zinaanikwa kando ya reli, nyanya zinapangwa kando ya reli, watoto wanaifuata kama njia ya kwenda shule. Mwaka 2014 vibanda vilivyokuwa kwenye hifadhi ya reli vilibomolewa, watu wakatawanyika. Hiyo nayo iliitwa maandalizi ya treni bora, na hapo, niseme kweli, kejeli yangu inaishiwa nguvu: mama aliyevunjiwa kibanda ndiye pekee katika habari hii yote aliyelipa papo hapo.

Abiria waachie matumaini. Treni ya asubuhi na jioni kati ya Kampala na Namanve ilianza Desemba 2015, watu wakaipenda, kwa sababu ilipita foleni ya barabara ya Jinja bila kusalimiana nayo. Mwaka 2023 ikasimamishwa kupisha ukarabati wa njia. Ukitaka kujua kama injini zako zimefaulu, usiangalie idadi iliyokabidhiwa siku ya utepe. Hesabu zile zinazotoka Nalukolongo alfajiri na kurudi jioni kwa nguvu zake zenyewe. Ila takwimu hiyo haina picha nzuri, kwa hiyo sikushauri uichapishe.

Jambo la mwisho ni la haraka. Mkataba wa reli mpya ya Malaba hadi Kampala uliosainiwa na kampuni ya China mwaka 2015 ulivunjwa Januari 2023, na Oktoba 2024 ukasainiwa mwingine na Yapı Merkezi ya Uturuki, kilomita 272, na treni zake zitatumia umeme. Maana yake ni kwamba mwongozo huu wa dizeli una siku chache za kutumika. Ndugu mkurugenzi, kama una hema, liwahi.